Dogo kagongwa Buhongwa alfajiri, dereva kakimbia, namba tunayo nusu. Tuanze na polisi, wakili au bima?

#1 Mwana Igombe, Jumapili saa 2:10 usiku

Wakuu, niende moja kwa moja.

Jumatano saa 10 alfajiri mdogo wangu (miaka 22) alishushwa na basi la kiwanda pale Buhongwa, Mwanza. Anapanga minofu kwenye kiwanda cha samaki, zamu ya usiku. Alipokuwa anavuka kwenda upande wa kwao, Noah ikitokea mjini ikamzoa. Walioona wanasema ilipunguza mwendo, dereva akatoa kichwa dirishani akatazama nyuma, halafu akakanyaga mafuta kuelekea Usagara.

Dogo kavunjika paja la kulia, kawekewa chuma, bado yuko wodini. Mpaka leo tumeshatoa milioni moja na laki nane.

Tulicho nacho ni hiki: mama mmoja anayepika chapati kituoni aliiona namba. Ana uhakika na herufi tatu za mwisho, na tarakimu ya kwanza na ya tatu. Ya katikati ilikuwa na tope. Kibao cha njano. Pia aliokota kipande cha taa, anacho kwenye mfuko.

Polisi tumeripoti, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) tunayo, ila kila nikienda naambiwa upelelezi unaendelea. Jana kaja mtu wodini, anasema anatoka kwa mawakili, ana karatasi anataka dogo asaini. Atafuatilia kila kitu, fidia ikitoka anachukua asilimia 40. Shemeji anataka tusaini. Mimi roho inasita. Nianzie wapi?

#2 Bodaboda Mstaafu

Pole sana. Usisaini. Nimemaliza.

#3 Nshomile Asiyeringa

#2 umemaliza nini, hata hujaanza.

Mleta uzi, wakili mwenye leseni yake hazunguki wodini na karatasi kama muuza vitenge. Kanuni zao za maadili zinawakataza kuwinda wateja hivyo. Muulize jina kamili na namba yake ya uwakili, halafu litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kama jina halipo, huyo ni dalali. Kama lipo, bado muulize kwa nini asilimia 40 na gharama za kufungua kesi nani anatoa. Utaona sura inabadilika.

#4 Nesi wa Zamu

Pole kaka. Mambo mawili tu kabla hujafika kwa wakili yeyote.

PF3 ikishajazwa na daktari inarudi polisi, na ikirudi huko kuipata tena ni shughuli. Toa nakala tatu kabla hujairudisha. Nimeona ndugu wa wagonjwa wanarudi wodini baada ya miezi saba wanatuomba "ile fomu", na daktari aliyejaza ameshahamia mkoa mwingine.

La pili, kila karatasi weka. Risiti ya dawa, ya picha ya mfupa, ya bodaboda ya mama anayeleta chakula. Watu wanatupa risiti ya elfu tatu wanasema ni hela ndogo. Ukizijumlisha za miezi mitatu utashangaa.

#5 Hiace Haichoki

Nitatukanwa ila nasema. Mimi ni dereva. Si kila anayekimbia ni muuaji. Saa 10 alfajiri, giza, umegonga mtu, unaona vijana watano wanakuja wameshika mawe. Ukishuka hapo unachomwa pamoja na gari. Tunafundishana wenyewe: usishuke, nyoosha hadi kituo cha polisi kilicho karibu, jisalimishe. Inawezekana huyo aliripoti Usagara au Misungwi na jalada liko huko, ninyi mnamtafuta Buhongwa.

#6 Binti Sengerema

#5 vijana watano wenye mawe saa 10 alfajiri Buhongwa? Kulikuwa na mama wa chapati na mtu aliyelala chini. Alishika mwiko labda.

#7 Hiace Haichoki

Dada, mwiko wa chapati wa moto ni silaha.

#8 Nshomile Asiyeringa

Pamoja na mzaha, hoja ya #5 isidharauliwe. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva asimame, amsaidie aliyeumia, ajitambulishe na aripoti polisi. Aliyeondoka kwa kuogopa kipigo akanyoosha kituoni ana la kujitetea. Aliyeondoka akaenda kulala hana. Kwa hiyo mleta uzi, kabla hujamwita muuaji, pita vituo vyote vya njia ile. Uliza kama kuna gari aina ya Noah lililoripotiwa alfajiri ya siku hiyo. Ni nauli tu.

#9 Mzee wa Ukerewe

Wanangu, niwape la kwangu.

Mwaka 2016 mke wangu aligongwa na pikapu, Nansio. Huyu hakukimbia, alikuja nyumbani jioni na wazee wawili, sukari kilo tano na laki tatu. Tukakaa, tukaongea kiungwana. Akatoa karatasi, akasema ni ya kuthibitisha kwamba amenipa hizo laki tatu tu. Nikasaini, na mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri. Miezi minne mbele nyonga ikakataa, ikabidi tuvuke kuja Mwanza afanyiwe upasuaji. Nilipomrudia akanionyesha karatasi ile ile. Mstari wa mwisho, kwa maandishi madogo: "na madai yote yatokanayo na ajali hii yamekwisha."

Mke wangu anatembea na mkongojo mpaka leo. Sukari tuliimaliza ndani ya wiki mbili.

#10 Binti Sengerema

Shikamoo mzee. Pole sana. Lakini karatasi kama hiyo si unaweza kuipinga mahakamani? Ulisaini bila kujua madhara yote.

#11 Mzee wa Ukerewe

Marahaba binti. Niliambiwa inawezekana. Niliambiwa pia bei ya kupinga.

#12 Stika Hai

Naona watu wote wanazungumzia polisi, bima hawaigusi. Nafanya kazi kwa wakala wa bima, nisaidie kidogo.

Kila gari barabarani Tanzania linatakiwa liwe na angalau bima ndogo, ile ya kulinda watu wengine. Hiyo ndiyo inayomlipa mtembea kwa miguu kama dogo. Gari la huyo dereva likiharibika, shauri yake, ila mguu wa dogo umo. Watu wanadhani bima kubwa pekee ndiyo inalipa. Si kweli.

Siku hizi stika ni za kielektroniki. Ukiwa na namba kamili ya gari unaingia kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unaandika namba, inakuonyesha kama bima iko hai na ya kampuni gani. Bure, hata usiku wa manane. Ukishaijua kampuni, unaishitaki moja kwa moja ikulipe.

#13 Kapuku Msomi

Na usiwe na haraka mkuu, madai yana miaka 6 kisheria. Muuguze mtu kwanza.

#14 Kiti cha Nyuma

Naingia kwa sababu hapo juu kuna makosa mawili yatakayomponza mtu.

#13, miaka 6 ni ya madai ya mkataba. Kugongwa barabarani ni madai ya madhara, na Sheria ya Ukomo wa Mashauri inayapa miaka 3. Watu wengi wamefungiwa mlango wakiwa na ushahidi mzuri mkononi kwa sababu ya kuchanganya hivyo viwili.

#12, umeeleza vizuri ila mwisho umeteleza. Kampuni ya bima haikumgonga mtu. Unamshitaki dereva, na mmiliki kama dereva alikuwa anamfanyia kazi yake. Ukishinda, ndipo Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto inaibana kampuni kulipa ile hukumu. Na kampuni inatakiwa ipewe taarifa ya kesi mapema, isije ikasema haikujua. Kuiandikia barua ya madai kabla ya kesi ruksa, na wengine wanalipa hapo hapo. Lakini kuipeleka mahakamani peke yake na kumwacha dereva nyumbani, utarudishwa.

#15 Stika Hai

Sawa, nimekubali la hukumu. Ila kazini kwetu madai mengi yanaisha kwa barua tu, mahakamani hawafiki. Kinachotakiwa ni taarifa ya polisi ya ajali, ile PF 90, ukaguzi wa gari PF 93, ramani ya tukio, PF3 na risiti.

#16 Kiti cha Nyuma

Na ukaguzi wa gari ambalo halijakamatwa utaufanyaje?

#17 Stika Hai

Hapo ndipo ugali unapoungulia.

#18 Jakom wa Kisumu

Poleni ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu kwanza ni abstract ya polisi (taarifa yao ya ajali), bila hiyo wakili hakuangalii usoni. Na hao wa kuzunguka hospitali na karatasi ni wengi ajabu, kuna mmoja alimfikia binamu yangu kabla daktari hajamfikia. Kesi ilimalizika kwa pesa nzuri, binamu akapata kidogo, wakili akanunua ploti. Bima ya watu wengine huku ina kikomo, shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja, kinachozidi unamdai mwenye gari.

#19 Bodaboda Mstaafu

Kwa hiyo tunarudi kwa #2. Usisaini.

#20 Hesabu za Darasa la Tano

Nimesoma uzi wote nikashangaa hakuna aliyeona hili. Namba za gari zetu zina tarakimu tatu na herufi tatu. Mama wa chapati ana herufi zote tatu, tarakimu ya kwanza na ya tatu. Inayokosekana ni moja tu, ya katikati. Sifuri mpaka tisa. Hayo ni magari kumi tu Tanzania nzima!

Andika zote kumi, ziingize moja moja kwenye huo mfumo wa #12. Halafu uwape polisi hizo kumi, wao wana njia ya kuona kwenye usajili wa TRA ipi ni Noah na ipi ni tipa la mchanga. Dakika kumi na tano.

#21 Binti Sengerema

Mwalimu wako wa hesabu yuko wapi tumpe zawadi.

#22 Mwana Igombe, Jumatatu saa 1 asubuhi

Nimelala saa 9 nikisoma. Wabeja sana wakuu.

#4 nakala nimetoa leo asubuhi, wodini pale pale nje. #20 sikuwahi kufikiria, naingia sasa. #8 leo mchana napanda hadi Usagara. Yule wa asilimia 40 nimemuuliza namba ya uwakili, akasema "bosi wangu ndiye anayo" na simu haipokelewi tena.

Swali kwa #14: kama gari halina bima kabisa?

#23 Kiti cha Nyuma

Unamdai dereva na mmiliki wenyewe. Kushinda kesi si kazi, kazi ni kukaza hukumu. Kama mmiliki ana nyumba au lile gari lenyewe, linaweza kukamatwa likauzwa. Kama ni dereva wa kupanga chumba kimoja Mkolani na gari la mkopo, utakuwa na hukumu nzuri ya kutundika ukutani.

Kuna nchi zimelifikiria hili. Afrika Kusini wana mfuko wa ajali unaochangiwa kwenye bei ya mafuta, na aliyegongwa na gari lisilojulikana anaweza kudai huko. Kwetu dogo akigongwa na gari lisiloonekana, anabaki na familia yake.

Na akishitakiwa, usiipuuze kesi ya trafiki. Hukumu ya jinai ikimtia hatiani inakubaliwa kama uthibitisho kwenye kesi yako ya madai, hutaanza kubishana upya kama alikosea. Hakimu wa kesi hiyo naye anaweza kuamuru fidia, ingawa usiitegemee kulipa bili yote. Akiachiwa huru, madai yako hayafi, kwa sababu kipimo cha ushahidi kwenye madai ni chepesi kuliko cha jinai.

Risiti za Nesi, zingatia. Gharama halisi lazima uzitaje na kuzithibitisha shilingi kwa shilingi. Maumivu na kilema hakimu anakadiria mwenyewe.

#24 Kapuku Msomi

Nimesahihishwa, nimekubali, nakaa nyuma. Ila hamjajibu swali kuu: wakili wa bure yupo wapi? Milioni na laki nane zimeshatoka, hela ya wakili itoke wapi?

#25 Dada wa Maendeleo

Hilo naliweza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, na kuna watoa msaada waliosajiliwa, mawakili na wasaidizi wa kisheria. Nenda halmashauri, kwa afisa maendeleo ya jamii, muulize walioko Nyamagana na Ilemela. Chukua na barua ya serikali ya mtaa inayoeleza hali ya familia. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoa tangu 2023, watu wengi wanaenda na migogoro ya ardhi na mirathi, lakini hakuna aliyesema ajali hairuhusiwi. Na chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe wanafundisha sheria, mlango wa kuulizia hauna kiingilio.

Msaidizi wa kisheria hatakusimamia mahakamani. Atakuandikia barua ikaeleweka, atakwenda na wewe polisi, na ukiwa na mtu pembeni anayeandika kwenye daftari, maneno ya "upelelezi unaendelea" yanapungua. Nimeliona kwa macho.

#26 Bodaboda Mstaafu

Daftari ni kweli. Mimi nilikuwa nakwenda na daftari tupu, kalamu haina wino.

#27 Minofu Zamu B

Nafanya kazi kiwanda kingine. Mbona hakuna aliyegusa mwajiri? Dogo alikuwa anatoka kazini, kwenye basi la kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) upo kwa ajili hiyo. Huhitaji kujua nani kagonga! Huhitaji namba, huhitaji taa. Mwajiri anaripoti, madai yasipite miezi 12, wanaangalia matibabu na kilema.

#28 Kiti cha Nyuma

Wazo zuri kuliko yote humu, ila lina mfupa. Alikuwa ameshashuka. Ukiwa ndani ya basi la mwajiri hoja ni nyepesi. Ukishashuka unavuka barabara kwenda kwenu, mtu wa mfuko anaweza kusema safari ya kazi iliishia mlangoni mwa basi.

#29 Minofu Zamu B

Na mimi nitasema basi lilimshusha upande usio wake gizani, pasipo na alama ya kuvukia. Kama lingegeuza, asingevuka. Hatua kumi kutoka mlangoni. Safari iliisha wapi?

#30 Kiti cha Nyuma

Hiyo ni hoja ya kupeleka. Sijasema haina nguvu. Hata dereva wa basi naye ana maswali ya kujibu hapo.

#31 Nesi wa Zamu

Ni kibarua au ana mkataba? Kwa sababu hao vijana wa minofu wengi wakiulizwa mwajiri wao ni nani wanataja jina la msimamizi wa zamu.

#32 Mwana Igombe

Ana kitambulisho cha kiwanda na analipwa kwa wiki. Mkataba sijauona. Kiwandani walituma laki moja na mtu wa kutoa pole. Hakuna aliyetaja huo mfuko.

#33 Minofu Zamu B

Hawataji. Ulizia kwa maandishi, upate nakala iliyogongwa "imepokelewa".

#34 Mvuvi wa Nchi Kavu

Mnajadili sheria, hamjiulizi Noah ya saa 10 alfajiri inakimbilia nini Usagara. Mimi nakaa njia ile. Hizo Noah zimeng'olewa viti vya nyuma. Zinabeba samaki. Na si samaki wa risiti, ni sangara wachanga chini ya sentimita 50 au mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) yasiyo na kibali. Huyo hakukimbia mawe wala mwiko. Alikimbia mzigo. Angesimama, polisi wangefungua mlango wa nyuma.

#35 Hiace Haichoki

Sangara wanatoka mwaloni kwenda mjini na viwandani. Wewe unawapeleka sangara Usagara wakapande treni?

#36 Mvuvi wa Nchi Kavu

Mabondo hayaendi kiwandani ndugu yangu. Na ukifika Usagara njia ni mbili, Shinyanga au darajani. Enzi za kivuko huyu angekamatwa amepanga foleni Kigongo na taa moja imevunjika, abiria wote wanamtazama. Sasa hivi kuna daraja la kilomita 3.2, dakika chache yuko Sengerema anakunywa chai.

#37 Binti Sengerema

Kilomita 3, si 3.2. Nalivuka kila Ijumaa tangu lifunguliwe Juni 2025. Na Sengerema hatupokei wahalifu, wanapita tu kwenda Geita.

#38 Nshomile Asiyeringa

Hiyo 3.2 ilikuwa kwenye habari za zamani za mradi, wengi wamekariri. Lakini #34 ana jambo. Mwana Igombe, muulize mama wa chapati: gari lilikuwa linanuka? Lilidondosha maji?

#39 Jakom wa Kisumu

Ama alikuwa mlevi tu. Nyinyi watu wa Mwanza kila kitu ni samaki.

#40 Bodaboda Mstaafu

Au hana leseni. Au gari la bosi kaliiba kwa usiku mmoja kupeleka mchepuko Misungwi. Hiyo ndiyo sababu namba moja ya ajali za alfajiri, niliendesha miaka tisa.

#41 Mwana Igombe, Jumatano saa 3 usiku

Marejesho.

Usagara nimefika, hakuna Noah iliyoripotiwa alfajiri ile. Misungwi sijafika.

Zile namba kumi: saba zimeonyesha bima hai. Mbili hazikuleta kitu. Moja bima yake iliisha mwezi uliopita.

Mama wa chapati anasema harufu hakusikia kwa sababu alikuwa anakaanga, ila lami ilikuwa na mstari wa maji na hakukuwa na mvua siku hiyo. Hilo la maji amelikumbuka nilipomuuliza, kwa hiyo sijui nilichukulieje.

#42 Mvuvi wa Nchi Kavu

BARAFU YA SAMAKI. Nilisema.

#43 Hiace Haichoki

Au rejeta ilipasuka alipomgonga mtu. Maji ya rejeta mzee. Gari likigongesha mbele, kinachomwagika kwanza ni hicho.

#44 Kapuku Msomi

Huyo mwenye bima iliyoisha ndiye! Bima imeisha, akagonga, akakimbia. Tafuteni jina lake, vijana waende kwake.

#45 Dada wa Maendeleo

#44 tulia. Bima kuisha si ushahidi wa kumgonga mtu. Mkienda na vijana kwa mtu asiyehusika, kesi ya pili inafunguliwa na mshitakiwa ni nyie. Orodha iende kwa mpelelezi, kwa barua, nakala ibaki kwenu.

#46 Mzee wa Ukerewe

Sikiliza huyo dada.

#47 Kapuku Msomi

Basi mpelekeni Gamboshi kwa waganga tumalize, ndani ya siku tatu dereva anakuja mwenyewe anatambaa.

#48 Binti Sengerema

Gamboshi nao siku hizi wanataka namba kamili ya gari.

#49 Kiti cha Nyuma

Cheko zuri. Turudi kwenye zile mbili "hazikuleta kitu". Inaweza kuwa hazina bima, na inaweza kuwa ni magari yaliyokwisha kufa. Njano unayosema ni ya gari binafsi, sawa, lakini mwambie mama afikirie vizuri herufi hizo. Gari la serikali lina utaratibu wake, unatoa notisi ya siku 90 kabla ya kushitaki, na ukikosea hapo kesi inatupwa mapema.

#50 Mwana Igombe

Herufi ni za raia, ana uhakika. Anasema alizikariri kwa sababu ni vifupisho vya majina ya wanawe.

#51 Fundi Taa wa Igoma

Nimechelewa uzi. Mnahangaika na namba na bima, taa mnayo mkononi! Weka picha ya nyuma ya kile kipande.

#52 Mwana Igombe, Alhamisi saa 7 mchana

[picha] Hicho hapo, #51. Mama alikuwa amekihifadhi chini ya meza, kwenye mfuko wa ngano.

#53 Fundi Taa wa Igoma

Hiyo ni ya Koito, namba inaonekana nusu. Lakini umbo hilo la kona si la Noah. Ni Voxy. Ni ndugu wa tumbo moja, bodi karibu sawa, gizani kila mtu ataita Noah. Taa tofauti.

Kwa hiyo mkiwaambia polisi watafute Noah kwenye zile kumi, mwenye Voxy anapita katikati ya vidole vyenu.

#54 Hiace Haichoki

Au ni Noah iliyofungwa taa ya Voxy. Nimeziona kibao, watu wanapenda ile sura.

#55 Fundi Taa wa Igoma

Inawezekana, ila show ya mbele nayo ingebidi ibadilishwe. Gharama hiyo kwa gari la kubeba mabondo? Sidhani.

Jambo jingine. Gari likivunjika taa linatafuta taa. Nenda maduka ya vipuri vya kutoka Japani pale Nyakato na mjini, uliza nani wiki hii kanunua taa ya Voxy upande wa kushoto. Hatuuzi nyingi. Mimi mwenyewe nimeulizwa moja, Ijumaa, kwa simu. Namba sikuitunza, ila simu yangu inaweza kuwa nayo. Ngoja nitafute.

#56 Binti Sengerema

Jamani. Nimesimama.

#57 Nshomile Asiyeringa

#55 ukiipata usiiweke humu. Mpe mpelelezi tu. Hata mleta uzi usimpe, kwa usalama wake na wa huyo mtu, kwa sababu anaweza kuwa ni mteja asiyejua lolote.

Na kituo cha mafuta kilichoko njia hiyo kama kina kamera, Mwana Igombe, leo hii uombe polisi wachukue picha. Kamera nyingi zinafuta za zamani zenyewe diski ikijaa, wiki mbili, tatu. Siku nane zimeshapita.

#58 Mwana Igombe, Alhamisi saa 11 jioni

Nimetoka kituoni na msaidizi wa kisheria niliyeelekezwa halmashauri, mama wa makamo mwenye daftari (lenye wino). Mpelelezi amepokea orodha ya namba kumi na amesema atazipeleka zikatazamwe aina ya gari. Voxy ameiandika. Kamera amesema kesho. Barua ya kiwandani imegongwa imepokelewa, mhasibu kauliza nani katufundisha.

Ametaka nimpelekee taa kesho saa 2 asubuhi.

#59 Kiti cha Nyuma

Piga picha kwanza, pande zote, na mama wa chapati aende nawe aikabidhi kwa mkono wake na kuandika maelezo. Yeye ndiye aliyeiokota. Ukiikabidhi wewe, siku ya kesi utaulizwa uliitoa wapi.

#60 Mwana Igombe

Anasema hawezi kuacha chapati saa 2 asubuhi, ndiyo saa ya wateja.

#61 Bodaboda Mstaafu

Mlipe za asubuhi yote. Chapati sitini, tutachanga humu. Mimi naanza na kumi.

#62 Hiace Haichoki

Kumi na mimi. Ila nikija kuzila asinishikie mwiko.